Miguu ya Kuangua Mayai

Mume wangu Mahamudu hajacheza mchezo wa simu hata siku moja, lakini wote wanaocheza Manyama hapa Kasongo wanamjua yeye kuliko mimi, na mimi ndiye mfugaji. Anayechagua dume ni mimi. Anayechagua jike ni mimi. Anayekaa na kiumbe wa porini wiki mbili, akimrushia tunda moja moja mpaka akubali kufuata, ni mimi Binti Faradji, mtu mzima mwenye mgongo unaouma. Yeye kazi yake ilikuwa kutembea tu. Lakini binadamu ndivyo walivyo, sifa wanampa mwenye miguu.

Nieleze kwanza, maana najua kuna watakaouliza mwanamke wa miaka arobaini na nane anatafuta nini kwenye mchezo wa vijana. Mchezo wenyewe una jina refu la Kifaransa ambalo sijawahi kulimaliza. Sisi tunauita Manyama, basi. Ndani yake kuna pori, mito, mapango, na viumbe wa kila sura, wengine wana pembe na mapezi, wengine wanatoa moshi puani. Unawafuata, unawazoesha, unawatia zizini. Ukiweka dume na jike wanaopatana, unapata yai. Mtoto anachukua rangi kwa mama na tabia kwa baba, na kama umechagua vizuri, baada ya vizazi vinne au vitano unapata kiumbe ambaye porini hayupo kabisa.

Binti yetu Malaika ndiye aliyeniachia simu na mchezo alipoolewa akaenda Kindu. Mwaka ule ule ugonjwa ulipita katika mbuzi wetu. Walianza kutoka kamasi, wakaharisha, na kwa muda wa siku tisa nikawa nimezika mbuzi kumi na mmoja. Sikuwa na nguvu ya kuanza tena. Nilikuwa nakaa kwenye kibanda changu cha kuchaji simu, jua linapiga paneli juu ya bati, mikono haina kazi, nikafungua ule mchezo ili nisifikirie. Jambo la kwanza nililoliona ni dume na dada yake wamewekwa zizi moja. Nikasema, huyu mtoto wangu nilimfundisha nini? Nikawatenganisha. Ndivyo nilivyonaswa.

Vijana wa mji hawana subira. Wanampiga kiumbe ili wamkamate, kisha wanashangaa kwa nini anawakimbia zizini. Wanapandisha ndugu kwa ndugu ili wapate rangi nzuri upesi, mayai yanaoza, wanakuja kwangu na nyuso ndefu. Mimi nilichunga mbuzi tangu nina miaka saba. Haraka haraka haina baraka, hilo nililijua kabla hakujawa na simu. Wakaanza kuniletea majike yao niwafugie, na masharti yalikuwa yale yale ya mbuzi, hakuna aliyehitaji kuyaeleza: ukipewa jike la mwenzio ulifuge, mtoto wa kwanza anarudi kwa mwenye jike, wa pili ni wako. Simu mbili zinawekwa karibu karibu, kiumbe anahama. Kwa miaka mitatu zizi langu limejaa hivyo, mmoja wao, mmoja wangu.

Sasa yai. Hapo ndipo Mahamudu anapoingia. Yai la Manyama halianguliwi kwa joto wala kwa kusubiri. Linaanguliwa kwa kutembea. Simu inahesabu hatua za mtu aliyeibeba, na mpaka hatua zitimie ganda halipasuki. Mayai madogo yanataka hatua elfu tano, makubwa elfu thelathini. Mimi nakaa kibandani kutwa. Hatua zangu ni kutoka jikoni hadi uani. Lakini nilikuwa nimeolewa na mtu wa baiskeli.

Watu wa baiskeli wa kwetu hawapandi baiskeli, wanaisukuma. Ya Mahamudu haina pedali wala mnyororo, alivitoa ili apate nafasi ya gunia la ziada. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani ya kuielekeza, nyingine nyuma ya kiti ya kuisukumia. Anapakia chumvi, sabuni na betri za tochi hapa Kasongo, anasukuma siku nne mpaka Wamaza, mara nyingine anaendelea hadi Salamabila kwa wachimba dhahabu, na anarudi na mpunga na karanga. Hakuzaliwa kwa kazi hiyo. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, watu wa heshima, wenye kanzu nyeupe za Ijumaa. Duka likaisha wakati wa vita, malori yakaacha kuja kwa sababu ya barabara, na Mahamudu, kijana aliyekuwa anapima vitambaa kwa mita, akanunua baiskeli. Mwezi wa kwanza alirudi na malengelenge nikadhani ataacha. Hakuacha. Wenzake walimpa jina la Kamio, yaani lori, kwa sababu alikuwa anapakia kilo mia mbili na hamsini mahali ambapo wao waliweka mia moja na themanini. Amesukuma miaka ishirini na miwili. Nyayo zake zimekuwa ngumu mpaka akitembea ndani peku nasikia kama mtu aliyevaa viatu.

Basi nilikuwa namtia simu mfukoni pamoja na betri ya akiba, naye anakwenda. Akifika Wamaza mayai yote yameanguliwa zamani. Akirudi, kabla hajaomba maji, ananiuliza, "Mama Malaika, wamezaliwa wangapi?" Hakujua hata wanafananaje, wala hakutaka kuangalia, alisema macho yake ni ya barabara. Lakini idadi aliipenda. Nikimwambia saba, anakaa chini, anacheka peke yake, anasema safari hii haikuwa ya chumvi tu.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mwalimu Naomie alikuja kibandani. Naomie anafundisha shule ya msingi, mwanamke mpole wa miaka thelathini hivi, lakini kwenye Manyama ana uchu usiopimika. Alikuwa amehangaika miezi minne akimzoesha jike mwenye pembe nyeupe, ambaye mjini kote hana mfano. Akaniletea nimpandishe kwa dume langu la mtoni, kwa masharti tunayoyajua. Yai lilipopatikana, pembeni pake paliandikwa: hatua elfu sitini. Na lilikuwa na wivu, halikubali kubebwa pamoja na yai lingine. Nikamwambia Naomie alale usingizi wake, hatua elfu sitini kwa Kamio ni safari ya siku mbili.

Mahamudu akaenda, akarudi baada ya siku kumi. Yai halijapasuka.

"Telefone ilizimika njiani," akasema. "Batri iko mubovu."

Mimi nachaji simu za mji mzima, betri nazijua kama ninavyojua tabia za majirani. Ile haikuwa mbovu. Nikaichaji tena. Safari ya pili, yai bado. Alisema aliisahau simu ndani ya gunia. Safari ya tatu, bado. Aliweka simu juu ya meza, akaenda kuoga, na alioga muda mrefu sana.

Kesho yake Naomie akaja kuuliza habari za mtoto wake wa kwanza. Nilimpa simu aone mwenyewe. Yeye amesoma kuliko mimi, akafungua ukurasa ambao sikujua kama upo, wenye vijiti virefu na vifupi, kila siku na kijiti chake. Akatazama, akatazama tena, kisha akanishika mkono kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Mama Malaika," akasema, "huyu mutu hakutembea."

"Namna gani hakutembea? Ametoka Wamaza."

"Angalia. Siku ya kwanza, hatua elfu nane. Kisha hakuna kitu. Mia moja, mia mbili, sawa na mutu anaenda tu kwa choo. Siku nane iko vile. Siku ya mwisho elfu nane tena, akaingia hapa. Safari zote tatu iko vilevile."

Ukienda hatua elfu nane kutoka kwetu hujafika popote. Ni kilomita tano, labda sita. Ni mahali mtu anakwenda asubuhi na kurudi kula mchana. Lakini mume wangu alikuwa anakaa huko siku nane, na magunia ya mpunga yalikuwa yanarudi naye kama kawaida. Nilifanya hesabu haraka, kama mwanamke yeyote angefanya. Kuna nyumba. Kuna kitanda. Kuna mtu wa kumpikia, na kuna mwingine anayelipwa kumsukumia mzigo ili yeye apumzike. Njia ya mwongo ni fupi, hilo nililisikia tangu utotoni, ila sikujua kwamba siku moja nitaambiwa ina hatua ngapi.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika mpaka nikatia chumvi mara mbili kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Jioni nilimwekea sahani yake, nikakaa mbele yake nikimtazama anavyokula, jambo ambalo silifanyi. Alikula yote na chumvi yake, hakulalamika, na hiyo nayo niliiona kama ushahidi.

"Baba Malaika," nikasema, "elfu nane ni wapi?"

Hakuelewa. Nikamwonyesha vile vijiti na kumweleza. Akavitazama. Niliona anaelewa kidogo kidogo, na uso wake, ambao jua limeukausha miaka yote hiyo, ukawa wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nilikuwa najua atakana. Nilikuwa nimeshaandaa majibu ya kila namna ya kukana.

"Nimeoa," akasema.

"Umeoa."

"Ndiyo. Muke wa pili. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Jina lake?"

Hapo alichelewa. Mtu aliyeoa hachelewi kwenye jina, lakini wakati ule sikuwa na akili ya kupima mambo hayo. "Dieudonnée," akasema mwishowe.

Mkristo tena. Sikuuliza zaidi. Dini inamruhusu, baba yangu mwenyewe alikuwa na wawili, na mimi si mwanamke asiye na kwao hata nipige kelele barabarani. Nikaondoa sahani, nikaosha, nikaenda kujilaza nikiangalia ukuta. Nilichoka kwa namna ambayo sijawahi kuchoka hata mwaka wa mbuzi. Miaka ishirini na sita nimekaa na mtu huyu. Sikuogopa njaa, kibanda kinanilisha. Niliogopa jambo moja tu, kwamba amepata mahali pa kupumzikia na si kwangu.

Siku nne baadaye alipakia tena akaondoka. Simu hakuiomba na mimi sikumpa. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka kwenye kona. Alikuwa anasukuma polepole, na nikasema moyoni, haraka ya nini, anakokwenda si mbali.

Naomie alinishauri nisubiri hasira ipoe. Nilisubiri siku mbili, haikupoa. Siku ya tatu nikafunga kibanda. Bibi yangu, alipoletewa mke mwenza, hakungoja mdogo aje kumsalimia. Alimpelekea kitenge kipya mwenyewe, ili watu wajue nyumba ina mkubwa na mkubwa ndiye aliyekaribisha. Nikaamua kufanya hivyo. Nilichagua kitenge kizuri, na si kwa upendo. Nilitaka kila akikivaa watu wamwulize nani amempa. Simu nikaifunga kiunoni, nikashika barabara ya Wamaza, nikaanza kufuata hatua za mume wangu.

Kila baada ya muda nilikuwa naichungulia. Hatua elfu mbili, nyumba za mwisho za mji. Elfu nne, daraja la magogo. Jua lilikuwa limepanda na visigino vilianza kuniuma, maana mimi si mtu wa njia. Kwenye elfu sita nilipita kijiji kidogo, nyumba kumi na tano hivi, mpunga umeanikwa juu ya mikeka. Sikusimama, kwa sababu hesabu ilikuwa bado. Nikaendelea mpaka elfu nane kamili. Hapo palikuwa na shamba la mihogo upande huu na shamba la mihogo upande ule. Hakuna nyumba, hakuna moshi, hakuna Dieudonnée.

Nikakaa juu ya jiwe. Kati ya pale na mji kulikuwa na kijiji kimoja tu. Kama ni kile, basi Mahamudu, mtu mrefu ambaye nikienda naye sokoni inabidi nikimbie, hatua zake zimekuwa fupi kuliko zangu. Inawezekanaje? Nikasema labda simu inahesabu vibaya, vitu vya Wachina hivi. Nikainuka nikarudi nilikotoka, nikiwa nimechoka hata kumchukia mtu.

Kijijini nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anageuza mpunga. "Mama, nyumba ya Dieudonnée iko wapi?"

"Ile ya mwisho. Kwa mama ya Ruphin."

Ruphin namfahamu, ni mtu wa baiskeli, amesukuma na mume wangu tangu zamani. Nikasema, aha, wamepanga wote wawili, labda Ruphin amempa dada yake. Sikusikia vizuri kwamba aliniambia mama, au nilisikia nikakataa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, upande wa jiko, si kwa kuvizia bali nilitaka nimwone kabla hajaniona. Sawa, kwa kuvizia.

Na hapo hapo, kiunoni mwangu, hatua elfu sitini zikatimia, zake za safari tatu pamoja na zangu za siku ile. Yai kubwa likipasuka, Manyama inapiga tarumbeta na ngoma kama harusi. Nilijipapasa nikitafuta pa kuzima, nguo ikakaza fundo, muziki ukaendelea mpaka mwisho wake. Kuku walikimbia.

"Mama Malaika?" ikaita sauti ya mume wangu kutoka ndani.

Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, suruali imekunjwa mpaka pajani, na goti lake la kulia limevimba kama papai. Kando yake kikongwe ambaye hana hata jino moja alikuwa anachovya kitambaa kwenye sufuria ya majani ya moto na kumkanda.

"Huyu ni nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kuelewa.

"Dieudonnée," akasema Mahamudu, akaangalia chini.

Kikongwe alifurahi kutajwa. Akaona kitenge mkononi mwangu. "Ni yangu?" akauliza. Ningefanya nini? Nikampa. Akakibusu, akajifunga pale pale juu ya nguo zake, akarudi kwenye sufuria.

Mahamudu akasema yote, kidogo kidogo, bila kuniangalia. "Toka mwezi wa tatu inavimba. Nikitembea kutoka kwetu mpaka hapa, siku nzima inaisha, na inaniwaka sawa na moto. Ruphin anachukua velo yangu, anasukuma mpaka Wamaza, tunagawana. Mimi ninabaki kwa mama yake. Akirudi, ninashika velo, ninaingia nayo mujini, watu wananiona."

"Na ile ndoa?"

"Uliniuliza elfu nane ni wapi. Nilikosa la kusema."

"Ukaona heri useme uko na muke."

"Ukinikasirikia juu ya muke, unanikasirikia kama mwanaume." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini ukijua muguu imekufa, utanihurumia. Utaanza kunipikia uji. Mimi ni mutu wa kusukuma, Mama Malaika. Nisiposukuma, mimi ni nani?"

Nilitaka kumwonea huruma, na huruma ilikuwa inakuja, lakini hasira ilifika kwanza. "Wiki nzima nimelia!" nikamwambia. "Nimelia juu ya goti! Nimetia chumvi mara mbili, nimenunua kitenge, nimetembea hatua elfu kumi, angalia visigino vyangu, yote hii juu ya goti! Ungekuwa mbuzi ningeliona siku ya kwanza!"

Nilipolisema hilo nikakaa chini kwenye mkeka, kwa sababu lilikuwa kweli. Mbuzi akichechemea namjua kabla hajafika uani. Kwenye Manyama kiumbe akipungua nguvu hata kidogo, nasimamisha kazi zote nimtazame. Na mtu huyu ametoka nyumbani kwangu akisukuma polepole, nami nimesimama mlangoni namkodolea macho mpaka kwenye kona, na mguu sikuuona. Miezi minne sikuuona. Nilikuwa na haja ya hatua zake, sikuwa na haja ya kuangalia zinatoka wapi. Nilimwomba msamaha kwa hilo. Yeye akaniomba kwa mengine. Wote wawili tulikuwa hoi. Nilimkumbusha tu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye ameumbuliwa na yai, kwa hiyo amshukuru Mungu.

"Imezaliwa?" akauliza.

Nikafungua simu nikamsogezea. Katikati ya maganda alisimama kiumbe mdogo, miguu inatetemeka, pembe moja nyeupe, nyingine ya rangi ya udongo.

"Dume ao jike?"

"Jike. Wa kwanza. Ni wa Naomie."

Alimtazama kwa muda mrefu, huyu mtu ambaye macho yake ni ya barabara. "Miaka mitatu nimewabeba," akasema. "Nilifikiri wako tu namba."

Nikamwambia leo analala nyumbani kwetu, na kesho goti hilo linaonwa na daktari. Akasema hawezi kutembea tena siku ile, na baiskeli yake iko na Ruphin, njiani kwenda Wamaza. Nje, kwenye ukuta, kulikuwa na baiskeli ya zamani ya Ruphin mwenyewe, ya mzigo, isiyo na pedali. Aliona ninakotazama.

"Apana," akasema. "Mimi nisukumwe na muke wangu? Barabarani, mchana huu?"

"Chagua. Nikusukume mimi, ao niite wamama wote wa mupunga wanisaidie."

Dieudonnée alikunja magunia matupu akayafunga nyuma ili apate pa kukalia. Tukampandisha, mimi na yeye, kikongwe ana nguvu kuliko nilivyodhani. Mahamudu akashika usukani, mguu mbovu umenyooka pembeni, uso ameufunika na kofia yake. Nikashika fimbo ya nyuma. Mita ishirini za kwanza tulikwenda kama mlevi.

"Usisukume na mikono," akasema chini ya kofia. "Mikono inachoka mbele ya yote. Weka kifua. Na usiangalie mwisho wa mulima, angalia tu gurudumu."

Nikaweka kifua. Nikaangalia gurudumu. Baada ya kilima cha kwanza nilikuwa siwezi kusema, jasho linaniingia machoni, na mtu huyu ni mwembamba, hafiki kilo sabini. Nikajaribu kufikiria kilo mia mbili na hamsini, siku nne, mvua ikinyesha, miaka ishirini na miwili. Sikuweza kufika mwisho wa fikra hiyo. Kila aliporudi mimi nilikuwa namweleza habari za zizi langu, rangi za watoto, nani amempanda nani, naye anacheka. Sikumbuki kama niliwahi kumwuliza kilima kipi ndicho kibaya. Nikamwuliza sasa.

"Ule wa mbele ya daraja," akasema. "Unakuja."

Ukaja. Tulipofika katikati yake watu wawili wa baiskeli walikuwa wanashuka kutoka mjini na magunia yao ya chumvi. Walipotuona wakazuia baiskeli zao, wakasimama, wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo. Mahamudu akateremsha kofia zaidi. Nilihisi anavyojikaza kule juu, mgongo wake wote ukawa mgumu.

"Mama!" akaita yule mmoja. "Ule muzigo unapeleka soko gani? Ni bei gani?"

Sikuwa na pumzi, lakini nilitafuta kidogo ya kumjibu.

"Huu hauuzwe," nikasema, nikaweka kifua, nikasukuma.